Fundi wa Pumzi Zake

Alfajiri, adhana ikishatulia, shangazi yangu huketi ukingoni mwa kitanda chake huko Ngamiani, Tanga, na kwa macho ya mgeni hafanyi lolote. Nyayo ziko sakafuni, viganja viko juu ya mapaja, kichwa kimeinama kidogo. Hukaa hivyo dakika tatu, pengine tano. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa wake nilipokuwa nikilala kwake nilidhani anavuta uradi kimya kimya, kisha nikadhani anaumwa. Siku moja nikamwamkia shikamoo na kumwuliza anafanya nini. Akaniitikia marahaba, akanijibu kwamba anapima kitambaa.

Amekuwa fundi cherehani tangu mimi sijazaliwa. Mteja akimletea mita mbili za kitambaa na kutaka gauni la mita tatu, hakuwa mtu wa kulalamika wala wa kukataa kazi. Alikitandaza juu ya mkeka, akakizunguka, akakipindua, akakiwekea chaki hapa na pale, na mkasi ulikuwa wa mwisho kabisa kushikwa. Siku hizi kitambaa chake ni nguvu ya siku moja. Kila asubuhi analetewa kipande kisichotosha, hakifanani na cha jana, na hakuna duka la kuongeza. Pale kitandani anakitandaza. Usiku niliamka mara ngapi kwa kukosa pumzi? Nililalia mito miwili au mitatu? Vifundo vya miguu vimejaa? Kifua chepesi au kizito? Pia anaupa mwili nafasi ya kuzoea kukaa kabla ya kusimama, kwa sababu dawa zake hushusha presha, na mtu anayetumia dawa hizo akiinuka ghafla kizunguzungu humwangusha. Kwa hiyo dakika zile tano ambazo mimi niliziona tupu ndizo zenye kazi kubwa kuliko zote. Siku nzima hukatwa pale.

Nimemtazama kwa miaka kadhaa sasa, na nimefikia kuamini kwamba anachokifanya ni ufundi kamili. Una vipimo vyake, una zana zake, una makosa yake ya mwanafunzi na umahiri wake wa mkongwe. Watu husifu fundi wa mashua na mchonga milango. Mimi nataka kumsifu mtu anayejua kuishi na moyo mchovu bila kuipoteza siku yake.

Daktari aliuita ugonjwa wake moyo kushindwa kufanya kazi. Jina hilo hutisha, kwa maana asikiaye hudhani moyo umesimama. Mtaani husemwa moyo umetanuka, na kwa wagonjwa wengi ndivyo picha ya moyo iitwayo eko inavyoonyesha. Moyo wake haujasimama. Umepungukiwa na uwezo wa kusukuma damu kadiri mwili unavyotaka. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 kila dakika, na mwenye afya akikimbia anaweza kuzifikisha 20. Mgonjwa hupoteza kwanza ile ziada ya juu. Akikaa kitini hajui kama kuna kilichopungua. Akinyanyua ndoo, mwili unaidai ile ziada, na ziada haipo.

Hapo mwili huanza kugawa kidogo kilichopo. Ubongo na moyo wenyewe hupewa kwanza, misuli ya miguu na mikono hungoja. Figo, zikipata damu pungufu, hujiendesha kana kwamba mwili umekaukiwa, zikaanza kushikilia chumvi na maji. Maji hayo hushuka miguuni mchana, na usiku mtu akilala chali hurudi kifuani, ndipo anaamka akitafuta hewa na dirisha. Misuli nayo, ikikaa miezi bila damu ya kutosha na bila kazi, hunyong'onyea yenyewe. Ndiyo sababu uchovu huu haufanani na uchovu wa mkulima. Mkulima amechoka kwa sababu amelima, na akilala deni lake limelipwa. Mgonjwa wa moyo huweza kuamka amechoka kabla hajagusa kitu, na usingizi peke yake haumlipi.

Madaktari nao wameukubali uchovu kuwa kipimo. Tangu mwaka 1928 wanatumia madaraja manne yaliyotungwa na chama cha moyo cha New York. Katika daraja la kwanza mtu hufanya shughuli za kawaida bila taabu, na katika la nne hukosa pumzi hata akiwa ametulia. Hakuna mashine inayotoa jibu hilo. Jibu hutoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe: unapanda ngazi ngapi, unaoga peke yako, unafika sokoni. Na jambo la ajabu ni kwamba eko haisemi yote. Watu wawili wanaweza kuwa na kipimo kimoja cha nguvu ya moyo, mmoja akaenda Mgandini kununua samaki na kurudi, mwingine asivuke kizingiti. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na misuli, damu, mapafu na umri. Sehemu nyingine, nimeiona kwa macho yangu, hutokana na ufundi.

Zana yake ya kwanza ni daftari. Wakati wa cherehani alikuwa na daftari la vipimo vya wateja: mabega, kiuno, urefu, mkono. Hakulitupa. Alifungua kurasa za nyuma, akachora safu tatu: uzito, mito, nguzo. Uzito huupima kila asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya chai, akiwa na khanga zile zile, juu ya mzani ule ule uliowekwa penye sakafu iliyonyooka. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu hajisifu kwamba amenenepa. Anajua ni maji, na kwamba maji hayo yatafika kifuani kabla ya mwisho wa juma, basi humpigia simu muuguzi wa kliniki. Mito ni idadi ya ile aliyolalia. Nguzo nitazieleza.

Zana ya pili ni viti. Nyumba yake ina viti ambavyo mgeni hudhani vimewekwa ovyo. Kimoja kiko njiani kati ya chumba na choo, kimoja jikoni, kimoja bafuni, kimoja barazani karibu na mlango. Vyote ni virefu kidogo kuliko vya kawaida, kwa sababu kuinuka kutoka kwenye kiti kifupi ni gharama. Akiinuka hutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza chai ya moto. Pumzi hutoka wakati wa nguvu na kuingia wakati wa kutulia. Wengi wetu hufanya kinyume: tunajaza kifua, tunaibana hewa, ndipo tunanyanyua mzigo. Kwake kosa hilo hugharimu nusu saa.

Jikoni ndiko nilikojifunza kuheshimu jicho lake. Jiko la mwanamke wa pwani limejengwa kwa ajili ya mtu anayeinama. Jiko la mkaa liko chini, kinu kiko chini, ufagio wa chelewa ni mfupi, na mbuzi ya kukunia nazi humkalisha mtu karibu na ardhi, magoti yamepanda, tumbo limebanwa, kifua kimeelekea mbele. Mapema kabisa aligundua kwamba kukuna nazi moja humtoa pumzi kuliko kutembea hadi dukani. Alidhani ni mikono. Akajaribu kukuna nusu tu, bado. Akajaribu kukaa hivyo bila kukuna chochote, na pumzi ikakatika vile vile. Basi akajua kwamba mla nguvu ni kule kuinama. Madaktari walilieleza jambo hilo na kulipa jina mwaka 2014: mgonjwa akiinama mbele, mgandamizo ndani ya kifua na moyo huongezeka, na baadhi hukosa pumzi kabla ya nusu dakika. Shangazi hakusoma makala hiyo. Alifanya utafiti wake mwenyewe juu ya kigoda cha mbuzi.

Kisha akaliinua jiko lote. Mjukuu alimjengea jukwaa la matofali, jiko la mkaa likapanda usawa wa kiuno. Sufuria za kila siku zilishushwa kutoka kwenye rafu ya juu, maana mikono ikipita mabega hudai damu nyingi. Ufagio ulifungiwa mpini mrefu. Nazi hukunwa na kijana, au hununuliwa imekunwa, na yeye huketi kiti kirefu akikamua tui. Kukamua tui amekung'ang'ania, kwa sababu anaamini mchuzi hauna mwenyewe ikiwa tui limekamuliwa na mwingine. Hapo nikaona siri ya fundi. Katika kazi moja alitenga sehemu inayokula nguvu bila kutoa furaha, akaigawa kwa wengine, na akabakiza ile iliyobeba jina lake.

Bafuni vilevile. Huoga amekaa, kwa maji ya uvuguvugu, si mara tu baada ya kula, kwa kuwa tumbo likiwa na chakula nalo linadai damu yake. Ndoo ya lita 20 haibebi, mtoto hujaza ndoo mbili ndogo na kuziweka tayari. Aligundua pia kwamba kujifuta ni kazi: kuinama hadi miguuni, kunyanyua mikono hadi mgongoni. Basi akanunua mataulo mawili, akayashona kuwa gauni pana lenye mikono. Akimaliza kuoga hulivaa, akaketi, na gauni likafyonza maji lenyewe huku yeye akivuta pumzi. Nimelishika gauni hilo. Mshono wa mabega umelazwa vizuri, pindo limenyooka, na shingoni amedarizi ua dogo la bluu. Hakutaka kitu cha ugonjwa kiwe kibaya.

Mahali pengine ufundi wake ni wa dakika na saa. Dawa ya kutoa maji humeza asubuhi, ili safari za chooni ziishe mchana na usiku ubaki wa usingizi. Siku ya kwenda kliniki, ambapo kuna daladala na foleni, alimwuliza daktari namna ya kusogeza saa ya kidonge hicho, akapewa utaratibu, akauandika. Chakula ni kidogo mara kadhaa badala ya sinia moja zito. Chumvi ameipunguza sana, kwa kuwa chumvi hushika maji, na maji huwa mzigo wa ziada kwa pampu iliyochoka. Shirika la Afya Duniani humwambia mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile iliyofichwa ndani ya mkate na vitu vya kopo. Kwa mtu wa Tanga aliyelelewa kwa papa na ng'onda, hilo si jambo dogo. Amejifunza upya kupika: ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, ukwaju. Samaki wake wa kupaka leo anahitaji ulimi wenye subira, lakini ukishamzoea unaisikia nazi yenyewe.

Ufundi huu hakuzaliwa nao. Kosa lake kubwa lilikuwa la harusi, katika mwaka wa pili. Siku hiyo aliamka mwepesi. Kitambaa, alivyosema baadaye, kilionekana kipana. Asubuhi akakanda unga wa maandazi, adhuhuri akapiga pasi magauni ya mabinti watatu, alasiri akapanda ngazi za ghorofa ya pili kumvisha bibi harusi, usiku akala pilau na kukaa hadi saa sita. Hakuna lililomzuia. Maumivu hayakuwapo, pumzi ilibana kidogo tu. Deni likaja kesho yake. Siku nne hakutoka kitandani, miguu ikavimba, mzani ukapanda.

Nilipomtembelea nilitarajia ajute kwenda harusini. Yeye alikuwa na daftari mapajani, akiichambua siku ile kama anavyochambua gauni lililokataa kukaa mwilini. Harusi yenyewe hakuiona kuwa ndiyo iliyomlaza. Kilichomlaza ni kazi tatu nzito zilizoshonwa pamoja bila nafasi kati yake, na pilau juu yake. Pia, na hili ndilo alilolipigia mstari, siku nzuri ndiyo ya hatari zaidi. Siku mbaya hujilinda yenyewe, mtu halazimiki kukatazwa. Siku nzuri humdanganya fundi akakata bila kupima, akala na kitambaa cha kesho.

Harusi iliyofuata alichagua kitu kimoja: kulaza pindo la gauni la bibi harusi kwa sindano ya mkono. Siku mbili kabla yake hakujipangia jambo jingine. Alifika ameketi kwenye bajaji, akawekewa kiti chenye mgongo, akapiga bandi, akashona, akambusu binti, akaondoka kabla ya sinia kuletwa. Wengine walisikitika kwamba hakukaa. Yeye alirudi nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake, na kesho yake aliamka na kutembea.

Nimefika kwenye nguzo. Zamani mgonjwa wa moyo aliamriwa kulala. Katikati ya karne ya 20 wapo madaktari mashuhuri waliowaweka wagonjwa kitandani kwa miezi, wakiamini moyo uliochoka unapaswa kupumzishwa kama mguu uliovunjika. Miguu ikakonda, na mtu akazidi kuwa dhaifu. Baadaye mawazo yakageuka. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, wenye wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa, ulionyesha kwamba mazoezi yaliyopimwa ni salama kwa mgonjwa aliyetulia, na humwongezea kiasi ubora wa maisha. Misuli iliyozoezwa hutumia vizuri zaidi ile damu kidogo inayoipata. Kwa maneno ya fundi, kitambaa hakijaongezeka, lakini taka za mkato zimepungua.

Baada ya daktari kumruhusu, shangazi alianza na nguzo moja ya umeme: kutoka barazani hadi nguzo ya kwanza, akapumzika, akarudi. Wiki nzima nguzo moja. Kisha mbili. Alipougua malaria alirudi moja bila kuona aibu, akaanza upya. Baada ya miezi kadhaa daftari likaandika saba. Hutembea jua likiwa bado halijachomoza vizuri, kwa kuwa joto na unyevu wa Tanga humchosha haraka. Hupenda kutembea na mtu ili aongee. Maneno ndiyo mzani wake wa njiani: akiweza kuongea sentensi nzima, mwendo ni sawa, sentensi ikikatika katikati, husimama palepale. Ana vituo vyake, mwarobaini wa kwanza na duka la Mpemba, na husimama hapo hata kama hajachoka. Nilimwuliza kwa nini asimame ikiwa bado ana nguvu. Akasema kupumzika baada ya kuchoka ni matibabu, na kupumzika kabla ni ufundi.

Nimelizungusha neno hilo kichwani mara nyingi. Sisi wazima hupumzika tunapoangukia. Tumefundishwa kwamba pumziko ni malipo ya kazi, lije mwisho. Kwake pumziko ni sehemu ya kazi, kama nafasi ya mshono ambayo fundi huiacha pembeni mwa kitambaa. Mtazamaji haioni vazi likishavaliwa. Bila nafasi hiyo vazi hupasuka mara ya kwanza mtu anapoketi.

Lililomgharimu zaidi lilikuwa macho ya watu. Ugonjwa unaoonekana hupewa pole. Uchovu hauna bendeji. Mwanamke anayekaa huku wageni wakihudumiwa na watoto, asiyefagia uwanja wake, anayeondoka msibani kabla ya hitima, husemwa. Na wagonjwa wa moyo wa kwetu si wazee tu waliokwisha lea. Utafiti uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuata wagonjwa 427 wa moyo kushindwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na kwa karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha ya juu. Wapo pia mabinti ambao moyo wao hudhoofika karibu na kujifungua, na vijana wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Hawa ni watu wenye ada za shule za kulipa, wenye shamba, wenye meza ya biashara. Kuwaambia wapumzike bila kuwaonyesha namna ni kumpa mtu mkasi bila chaki.

Shangazi alichukua muda kujifunza kuomba. Amezaliwa katika watu wanaoona aibu kumtuma mgeni maji. Akaanza kwa mambo madogo: niletee kiti, nishikie kapu, nisubiri hapa tuvute pumzi. Aliona kwamba watu hawachoki kuombwa kitu kinachojulikana, na kwamba kinachowachosha ni kubahatisha. Siku hizi humgawia kila mmoja kazi yenye mpaka. Swala husali juu ya kiti, kwa kuwa sijida humkata pumzi na dini imempa ruhusa mgonjwa. Saumu ya Ramadhani ilimliza mwaka wa kwanza alipoambiwa na daktari na sheikh kwamba kwa hali yake asifunge, alishe maskini badala yake. Sasa kibaba cha kila siku hukipima mwenyewe, ameketi, kwa mkono wake, na nimeona anavyokipima: kinajaa hadi kinamwagika.

Fundi mzuri hutofautisha kitambaa kidogo na kitambaa kilichochanika. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa maana wapo wagonjwa wanaojifunza kuvumilia uchovu ambao haukupaswa kuvumiliwa. Uchovu ukiongezeka ghafla ndani ya siku chache, mito ikiongezeka, mtu akiamka usiku anatweta, miguu au tumbo likijaa, akizimia au moyo ukienda mbio bila sababu, mpango wa siku umekwisha kazi na hospitali ndiyo zamu yake. Wapo pia wanaochoshwa na kitu kingine kinachotibika. Takriban nusu ya wagonjwa wa moyo kushindwa wana upungufu wa madini ya chuma, na kwetu malaria na minyoo huongeza hasara hiyo. Huzuni ya muda mrefu nayo huchosha. Baadhi ya dawa za kutuliza mapigo ya moyo huongeza uchovu wiki za mwanzo kabla hazijaleta nafuu, na anayeziacha ghafla hujitia hatarini. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, zinazouzwa kila duka la dawa, hushikilia maji mwilini na zimewarudisha wengi wodini. Shangazi haongezi wala kupunguza kidonge bila kuuliza. Ufundi wake unasimama juu ya dawa, na yeye wa kwanza kukiri hivyo.

Mwezi uliopita nilimkuta kwenye cherehani. Ni Butterfly ya miguu, ile ile ya zamani, na muuguzi alifurahi kusikia anaikanyaga, kwa kuwa miguu inayokanyaga ni miguu inayofanya mazoezi. Alikuwa akishona sare ya shule ya kitukuu wa kaka yake, shati jeupe na sketi ya bluu. Enzi zake sare hiyo ilikuwa kazi ya alasiri moja. Hii ilikuwa siku ya tisa. Siku ya kwanza alipima tu. Ya pili alikata, ameketi, kitambaa juu ya meza. Kisha mshono mmoja au miwili kila asubuhi, saa ile kitambaa chake cha nguvu kinapokuwa kipana, mguu ukipumzika kila mshono unapokwisha. Nilikaa pembeni nikamtazama. Mishono imenyooka. Kola imekaa. Hakuna mahali popote mwilini mwa shati lile panaposema kwamba limeshonwa na mtu anayehesabu pumzi.

Ilibaki vifungo. Alishona cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, akifunga uzi nyuma kwa fundo lake lile dogo. Kifungo cha tano kilikuwa mkononi, sindano ina uzi, na mtoto alikuwa mlangoni anangoja. Uso wake ulikuwa mtulivu na pumzi yake ilikuwa sawa. Nilijua, na yeye alijua, kwamba angeweza.

Akaichomeka sindano kwenye kitambaa, akakiweka kifungo ndani ya kisahani, akaisukuma meza kidogo, akaegemeza mgongo kitini.

"Hiki cha kesho," akamwambia mtoto. "Njoo unikalie hapa, unisomee."